Pangaboi Lisilotajwa Jina

Kasumana,
Guajira ya Juu.
Jumapili, 9 Februari 2020

Mpendwa mdogo wangu, binti ya mama mdogo,

Hujambo huko uliko? Mwili unasemaje? Kile kikohozi chako cha vumbi kilikuacha au ulihama nacho? Unakula? Nikisema kula nina maana kula kwa kushiba, siyo kahawa ya jana na mkate wa kushika mkononi huku unatembea. Na miguu je, maana ulikuwa ukisimama sana inavimba. Unijibu moja moja, usiniandikie "mzima" halafu ukanyamaza kama mwanamume.

Sisi huku wazima wa kuungaunga. Jua ni lile lile, chumvi ni ile ile, na upepo msimu huu umekuja na hasira, juzi umebeba sufuria yangu na kifuniko chake, kifuniko nimekiona kwa jirani, sufuria bado. Mbuzi wamekonda lakini wanatembea. Mjomba Eulogio kaweka meno mapya, ya juu tu. Ya chini anasema atayaweka akipata mtu wa kumchekesha. Mume wangu yupo, kazi yake kulala kwenye bembea na kuuliza chakula kiko wapi, kwa hiyo huyo usimhesabu katika habari.

Usikasirike kuwa nimeanza barua bila kutaja jina lako. Nitafika huko. Si unanijua dada yako, mimi ningekuwa na hiari yangu ningeshalitaja mpaka kalamu iombe maji. Lakini kuna mambo, na lazima nikuhadithie kwa mpangilio, maana nikirukaruka utachanganyikiwa na mimi mwenyewe nitapotea.

Naandika kwa mkono wangu. Darasa la tatu la kwa masista limebaki kidogo kichwani, ila herufi zangu zinatembea kama mbuzi aliyelamba pombe. Kalamu nimepewa na Wilmar, fundi mpya wa kampuni ya umeme. Ni mtu wa milimani huko, mweupe mpaka masikio yanaungua, ana adabu lakini haraka zake ni nyingi. Kila mchana anakula kwangu pale kibandani. Bado napikia mafundi, ndiyo, pale pale kwenye geti, kibanda kile cha magogo ya mpungate, na mama yako anakaa nami kutwa anasokota uzi. Lishike jina hilo la Wilmar, maana ndiye kidogo atuue sote.

Nianze na mapangaboi basi.

Yapo bado yanazunguka. Watu wa mjini wanasema ni mitambo ya upepo, sisi ni mapangaboi tu kama siku ile yaliposimamishwa. Umeme unakwenda huko unakokwenda, unapita juu ya vichwa vyetu kama ndege wa kuhama, na jioni tunawasha kibatari. Mjomba anasema ni sawa na kufuga ng'ombe wa mtu, unasikia harufu ya maziwa. Lakini tumeshayazoea. Siku upepo ukikatika yakanyamaza, watoto wanaamka wanalia, wanasema kuna kitu kimekufa.

Unakumbuka bibi alivyoyapa majina? Ulikuwa mdogo, umening'inia kwenye kanga yake. Kampuni iliyapaka namba, bibi akasema, "Namba ni za magunia. Kitu kinachosimama kwenye ardhi ya wanawake kiitwe jina la mwanamke." Akayapitia moja moja na fimbo yake. Lile linalolia kama bawaba kavu akalipa jina langu, na watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Lako likawa la mwisho, kule kuelekea baharini, kwa sababu asubuhi ndilo la kwanza kushika upepo. Bibi akasema, "Huyu naye hatulii, atakwenda."

Na mafundi wakalishika jambo hilo. Mwanzoni walikuwa wanacheka, baadaye kwenye redio zao za mkononi hawakutaja tena namba, langu wakalisema kama mimi mwenyewe. "Ubaldina anatetemeka." "Ubaldina anataka grisi." "Ubaldina kasimama, mwacheni apoe." Mume wangu akisikia hivyo kibandani anasema, "Afadhali huyo ana mahali pa kuzimia."

Na lile la kati, ambalo bibi alijipa mwenyewe, tangu alipotutoka halina jina. Mjomba alikwenda kuzungumza na mafundi wa wakati ule, akawaeleza kwamba kwetu mtu akishatutoka jina lake halitajwi mbele ya watu wake, na anayelitaja analipa, kwa sababu unamwita mtu aliyekwisha kwenda Jepira, kwa wafu, ageuke njiani, na unawatonesha kidonda waliobaki. Wakaelewa vizuri. Mpaka leo wanaliita "la kati" basi. Na mengine mawili yamenyamaza vivyo hivyo, wewe unajua ya akina nani.

Sasa sikia.

Mwaka jana mvua zilipokuwa zinaishia, Chema alirudi na lori lake kutoka Maracaibo, ng'ambo ya mpaka. Chema yule yule, kichwa kama boga, aliyekuwa anakupa lifti ya bure akidhani hatuoni. Akashuka, hakusalimia kwa makelele kama kawaida yake, akaomba maji, akanywa, akaomba mengine. Mimi nikajua. Mtu akiomba maji mara mbili ana neno linamkwama.

Akasema, "Mjomba, nimesikia mwanamke wa kwenu ametutoka. Mpakani, kwenye njia za panya. Homa."

Mjomba akauliza, "Wa kwetu yupi? Wa mama gani?"

Chema akainua mikono. "Mjomba! Unataka mimi nimtaje aliyetutoka mbele ya watu wake? Unanitafutia kesi?"

Mjomba akaona mwenzake anasema haki. Akabaki anaangalia ndara zake.

Mimi nikarukia. "Basi usitaje, Chema. Niambie tu mrefu au mfupi."

"Sikumwona, dada. Nimeambiwa na mwenzangu wa lori jingine."

"Huyo mwenzako alikutajia?"

"Atanitajiaje na yeye ni mtu wa kwetu? Kaniambia mwanamke wa ukoo wa Epinayú, alikuwa anauza kahawa. Nami sikumchimba. Ungemchimba wewe?"

Ona adabu hiyo, mwenzangu! Habari imetoka kwenye mdomo wenye adabu, ikaingia kwenye sikio lenye adabu, ikatufikia haina kichwa. Wanawake wa Epinayú wanaouza kahawa kama wewe upande ule ni wengi kuliko kunguru. Na kusema kwa mdomo wako, "Je, ni fulani?", huwezi, kwa sababu kama fulani yu hai umemvalisha kifo, na kama amekufa umemtaja. Tukabaki hivyo. Simu yako tukapiga. Siku ya kwanza iliita, baadaye ikawa haiiti, halafu akaanza kujibu mama mmoja anayesema namba hiyo haipo. Nilimtukana huyo mama mpaka mume wangu akaniambia ni mashine.

Mama yako hakulia. Alisokota uzi wake, akasema, "Hajanijia."

Na wewe unajua kwetu salamu ya asubuhi ni umeota nini. Mtu akitutoka wa kwanza kumwendea ndotoni ni mama yake, amwombe maji, amwombe shuka, amwambie nimefika. Basi kila asubuhi mimi na uji wangu nakwenda kwenye bembea yake, namwuliza, "Mama mdogo, umeota nini?" Ananijibu, "Mbuzi." Kesho yake, "Mbuzi." Nikamwambia mama mdogo hata kwenye ndoto unachunga, huchoki? Akacheka kidogo. Lakini watu wana midomo. Jirani yetu mmoja, simtaji maana akisikia atakuja hapa na panga, alisema eti mama yako haoti kwa sababu pangaboi lako linampigia kelele usiku, maiti wake anakuja anakuta mtu hajalala, anarudi. Maneno hayo yalimwingia. Nilimwona anaanza kulala akielekea upande mwingine.

Hapo ndipo tulipokuwa Januari hii.

Siku hiyo nilikuwa napika utumbo wa mbuzi na damu yake, mafundi wanaupenda siku hizi kuliko sisi. Mama yako kakaa na uzi. Redio ya mkononi ya Wilmar iko juu ya meza, yeye mwenyewe yuko huko mbali kwenye mapangaboi na redio ya mwenzake. Upepo mkali, vumbi, siwezi hata kusikia kijiko changu. Mara redio ikakoroma, ikataja jina lako. Safi kabisa, jina lako, kama mtu amesimama mlangoni. Halafu ikasema: "Amekufa. Basi, amekufa, hakuna la kufanya."

Mdogo wangu, sijui nikwambieje.

Mama yako alisimama. Uzi ukaanguka, ukaviringika mpaka kwenye majivu. Akajifunika uso kwa kitambaa chake, akaanza kulia kile kilio chetu, kile kirefu, na mimi ambaye najifanya mjuaji wa kila kitu sikuuliza hata swali, nikajifunika aproni nikalia naye. Utumbo ukaungua. Watu wakasikia. Unajua kilio chetu hakihitaji mjumbe, kinajibiwa nyumba kwa nyumba. Wakaja na nguo zao usoni, wakashika mabega ya mama yako, wanalia bila kuuliza ni nani, kwa adabu. Mzee Rosendo wa ng'ambo ya kisima alikuja mbio na umri wake ule, anamvuta mbuzi jike kwa kamba, mbuzi wa msiba, mbuzi mzuri mweupe mwenye sikio jeusi.

Wilmar akafika na pikipiki. Anatuona watu wote tumefunikwa, anaona mbuzi. "Nani? Nani amefariki?" Hakuna anayemjibu. Nani amjibu? Mpaka mjomba akamwendea kwa hasira, akamwonyesha ile redio. Yule kijana wa watu akawa mweupe kuliko alivyozaliwa.

"Mashine!" akapiga kelele, akimwita mama yako kwa jina lake mwenyewe. "Mama Griselda, ni mashine! Gia imekufa! Lile la mwisho limekufa gia, siyo mtu! Mashine!"

Kilio kikakatika kimoja kimoja. Mtu anafunua jicho, anamwangalia jirani yake. Hakuna aliyecheka. Ungekuwepo wewe ungecheka halafu ungenifinya nisikutaje. Mama yako alikuwa wa mwisho kunyamaza, maana alikuwa ameshaanza na hakujua pa kukirudisha kile kilio.

Mjomba alitaka kesi. Alisema, "Umeweka jina na kufa kwenye sentensi moja, mbele ya mama yake." Wilmar hakubishana. Alivua kofia, akasema, "Nimekosa, niambieni kosa langu ni kubwa kiasi gani." Mama yako akamwambia mjomba amwache. Akasema, "Hakujua. Na sisi wenyewe hatujui."

Lakini mbuzi sasa! Mzee Rosendo hakumchukua. Mbuzi aliyeletwa msibani harudi, unamrudishaje, ni kama umemtemea mtu mate. Na sisi hatuwezi kumchinja, tukimchinja tumekubali msiba. Basi amefungwa hapo nyuma ya kibanda. Anakula, anatuangalia. Watu wakipita wanamkwepa. Mume wangu ambaye hajawahi kumwacha mbuzi hata akisali, huyo hamsogelei. Mjomba anamwita "yule mgeni."

Siku ile ile mama yako akasema neno lake, na tangu hapo ndiyo sheria. Akasema, "Jina la mwanangu lisitajwe tena. Kama yupo, limechafuliwa, liacheni lipumzike. Kama hayupo, ndiyo hivyo." Basi likanyamaza. Mafundi pia. Wanasema "la baharini." Watoto wadogo hawajui kama liliwahi kuwa na jina. Mimi nalimeza kila siku, linanikaa hapa kooni kama mwiba wa samaki.

Na lenyewe likawa limesimama kweli. Mengine yote yanazunguka, lako limekaa kimya na mapanga yake matatu, moja limeelekea chini. Mama yako akitoka nje anaangalia huko kwanza kabla hajanawa uso. Nikamwambia mama mdogo ni gia tu, Wilmar kasema kipuri kinatoka ng'ambo, kiko kwenye meli. Ananijibu, "Najua ni gia." Halafu anaangalia tena.

Wiki iliyopita kipuri kimefika. Kililetwa na gari refu, watoto walikifuata mpaka jua likawapiga. Walifunga, walifungua, walipanda, walishuka. Jumatano wakamaliza. Wilmar akaja kibandani, kofia mkononi, akasimama mbele ya mama yako kama anaposa.

"Mama Griselda, nakwenda kuliwasha. Lazima niseme kwenye redio, ndiyo kanuni yetu, nitaje lipi linawashwa. Nitaliitaje?"

Mama yako na uzi wake. Mjomba na ndara zake. Na mimi, mdogo wangu, mimi Ubaldina ambaye bibi alinipa pangaboi kwa ajili ya mdomo, nilikuwa na jina lako kwenye ulimi na sikulisema. Nilimtazama mama yako uso wake, nikaogopa. Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu la kumwambia kijana wa watu. Hakuna kati yetu aliyekuwa nalo.

Mwisho mama yako akasema, "Liwashe tu. Likizunguka tutaona."

Sijui Wilmar alisema nini kwenye redio. Tukatoka wote nje. Lilikaa, likakaa, halafu likaanza polepole kama mtu anayeamka na mgongo unamuuma, halafu likashika. Watoto wakapiga makofi. Mimi nikageuka nimwone mama yako amefurahi, nikamkuta machozi yanamtoka bila sauti. Nikamshika mkono. Akaniambia, "Mashine imepata kipuri."

Akageuka, akarudi kwenye uzi wake.

Sasa nikwambie hali yake, maana nikikuficha nitakuwa nimekudanganya. Chakula hakipiti vizuri. Uji vijiko vitatu, anasema amejaa. Macho yamekuwa na ukungu, uzi anausokota kwa vidole tu, na bado hajawahi kukosea. Amekuwa mwepesi, mdogo wangu. Nikimwinua kwenye bembea ni kama naanua nguo. Daktari wa zahanati alimpima, akampa vidonge vya damu, akaniambia mimi pembeni niwaite watoto wake. Nikamwambia watoto wake ni mmoja.

Tangu liwashwe, kila mchana upepo ukiwa juu anaomba nimsindikize mpaka pangaboi lako. Namwacha pale chini, anaweka kiganja kwenye ule mnara, na mimi nakaa mbali kidogo kwenye jiwe, najifanya natafuta kuni. Lile dude linanguruma pale chini huwezi kusikia hata mawazo yako. Na mdomo wake unatembea. Juzi nikamwuliza, "Mama mdogo, ulikuwa unasema nini pale?"

"Sisemi. Natafuna."

"Unatafuna nini na meno yenyewe huna?"

"Natafuna tu, Ubaldina. Nenda zako."

Nikaenda zangu. Lakini mimi nasoma midomo ya watu tangu nikiwa mtoto, ndiyo kazi yangu, na neno alilokuwa anatafuna ninalijua. Analisema pale kwa sababu pale halisikiki. Hata yeye mwenyewe halisikii. Hapo hajavunja sheria yake.

Na jambo la mifupa. Ameniambia, na mjomba yuko. Miaka ikipita, siku ya kumtoa kaburini na kumsafisha mifupa yake apelekwe kwenye makaburi ya mama zetu, anataka mikono yako. Nikamwambia mama mdogo, mimi nipo, mimi ni mwanao vilevile, damu ya dada yako, nitashika mwiko siku zote, nitalishwa na watu kama mtoto, maana mikono iliyogusa mifupa haigusi chakula. Akanijibu, "Wewe utanipigia domo hata fuvu." Tukacheka wote wawili mpaka akakohoa. Halafu akasema taratibu kwamba mikono mingine hataki, na kama hakuna mikono hiyo, basi wamwache pale pale alipo.

Ndiyo maana nakuandikia. Sikuombi kitu kingine. Sikuombi urudi, najua njia zilivyo na najua kurudi kuna aibu zake ukirudi mikono mitupu, ingawa hapa hakuna atakayekuangalia mikono. Naomba tu utupe alama. Kama kuandika ni kazi, chukua uzi, uzi wowote hata wa gunia, usuke kamba ya mdomo wa mkoba kama bibi alivyokufundisha, ule msokoto wako wa kushoto uliokuwa unachapwa kwa ajili yake. Mpe Chema. Macho ya mama yako hayataona, lakini vidole vyake vitakujua kabla ya mimi kufungua mdomo. Na mimi nitaufungua, wee acha tu! Nitakwenda kwenye geti, nitamnyang'anya Wilmar redio, nitalitaja jina lako mpaka wasikie huko umeme unakokwenda.

Chema anaondoka kesho. Anasema atakwenda pale sokoni ulipokuwa unauza, na kama haupo ataulizia wanawake wa kahawa mmoja mmoja. Lakini alikuwa na sharti. Akamwambia mjomba, "Nitasimama sokoni niulizie kwa jina, mjomba. Vinginevyo nitamwulizia nani, mwanamke mwenye miguu miwili? Na kama ametutoka, nitakuwa nimemwita. Mtanidai?"

Mjomba akavua yale meno yake, akayafuta, akayarudisha. Akasema, "Mwite. Akigeuka ni furaha. Asipogeuka, ni juu yangu."

Asubuhi hii mama yako amesikia kalamu yangu inakwaruza. Akauliza, "Unaandika nini?"

"Barua."

"Kwa nani?"

Nikanyamaza. Mimi, nikanyamaza. Na yeye hakuuliza tena. Akasokota, akasokota. Nikadhani amesinzia. Halafu akasema, "Mwambie yule mbuzi amezaa."

Ni kweli, amezaa juzi. Kumbe mzee Rosendo alileta mwenye mimba bila kujua. Kitoto kijike, cheupe, masikio yote mawili meusi. Hatujui ni cha nani. Mjomba anasema mtoto hakuletwa msibani, kwa hiyo huyo hana msiba. Basi kinarukaruka tu hapo, kinaingia hata kibandani, na mama yako ndiye anayekiwekea maji.

Unasalimiwa na mjomba Eulogio, anasema meno ya chini atayaweka ukija. Unasalimiwa na mume wangu, ameamka dakika hii ili akusalimie. Unasalimiwa na mzee Rosendo na nyumba yake yote, na Wilmar ambaye hukumjua lakini anakujua, kila asubuhi anakutazama kabla ya wengine kuona kama umeamka. Mama yako ujumbe wake nimeshakupa.

Maleiwa aliyetuumba akuwekee mkono wake mgongoni. Mvua ikutangulie na jua likufuate kwa nyuma. Popote ulipolala leo, uwe umelala na mtu wa kukuuliza asubuhi umeota nini.

Nimemaliza, limebaki la bahasha. Chema anataka jina juu yake. Nimeikalia tangu jua likiwa pale mpaka sasa liko huku. Nawaza, kama upo, nalitoa jina lako uchafu. Kama haupo, nimekosa, na watu wako waje wanidai. Halafu nikakumbuka watu wako ndio sisi. Nitamlipa nani? Basi naandika. Naandika huku ndani kwanza, nione kama mkono utakubali.

Arelis.

Umekubali. Arelis. Arelis Epinayú, mtoto wa Griselda, mjukuu wa yule wa la kati. Mdogo wangu Arelis, huku upepo ni mkali na lako linazunguka.

Itika.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mwenye kelele,

Ubaldina